Dagaa, Omena, Mukene: Jina Lipi Ndilo Jina?

  

Mhariri kaniomba nieleze kwa Kiswahili jambo ambalo wengi wetu tulilikariri sekondari kwa Kiingereza, tukalifanyia mtihani, kisha tukalisahau: jinsi wanasayansi wanavyowapanga viumbe hai katika makundi na kuwapa majina. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, hata nyinyi mnaosoma uhasibu na kompyuta jambo hili linawahusu, kama nitakavyoonyesha. Pili, mifano mizuri sana ya somo hili iko hapa hapa Oman na kwetu Afrika Mashariki, na tunaipita kila siku bila kujua.

UGOMVI WA PAKITI MOJA

Nyumba tunayokaa wanafunzi tumo mchanganyiko: yupo wa Mwanza, yupo wa Kisumu, yupo wa Entebbe na yupo wa Unguja. Siku moja ukaletwa mzigo kutoka nyumbani, na ndani yake pakiti ya samaki wadogo wakavu. Wa Mwanza akasema, "Alhamdulillahi, dagaa!" Wa Kisumu akasema hiyo ni omena. Wa Entebbe akasema nyote hamjui, huyo ni mukene. Yule wa Unguja akachungulia pakiti, akacheka: "Hawa si dagaa bwana. Dagaa wa baharini."

Sasa nani mkweli? Wote wanne. Wale watatu wa mwanzo wanamtaja samaki mmoja wa Ziwa Victoria, ambaye wanasayansi humwita Rastrineobola argentea. Samaki mmoja, majina matatu. Mzanzibari naye ana haki yake, maana dagaa wa kwao ni samaki wengine kabisa wa bahari ya chumvi. Na angekuwepo mtu wa Kigoma angetuongezea dagaa wa Ziwa Tanganyika, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ambao nao hawana undugu wa karibu na yule wa Mwanza. Hapo jina moja, samaki wengi.

Jikoni hili ni jambo la utani. Mafuta yakichemka, ugomvi umekwisha. Lakini chukua mfano wa sheria. Hapa Oman kila mwaka ni marufuku kumvua kan'ad kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba, ili apate nafasi ya kuzaliana. Kan'ad ndiye nguru wetu. Mvuvi anamwita hivi, mnunuzi wa Kihindi anamwita vingine, karatasi za kusafirisha zinaandikwa kwa Kiingereza. Ikitokea kesi, lazima kuwe na jina moja ambalo halina ubishi. Jina hilo ni Scomberomorus commerson, na ukiliandika hivyo Muscat, Mombasa au Mumbai, anaeleweka samaki huyo huyo. Hiyo ndiyo kazi ya jina la kisayansi, na kwa kweli ni kazi ndogo kuliko tunavyodhani. Halisemi nani anamjua samaki zaidi. Linahakikisha tu kwamba tunapozungumza, tunazungumzia kiumbe kimoja.

MAJINA MAWILI, KAMA KASA NG'AMBA

Utaratibu wa kutumia majina mawili ulienezwa na Msweden, Carl Linnaeus, kwa vitabu vyake vya mwaka 1753 kwa mimea na 1758 kwa wanyama. Watu wengi huuona mgumu kwa sababu ya Kilatini. Lakini sisi waswahili tunafanya vivyo hivyo tangu zamani. Tunasema kasa ng'amba, ndizi mzuzu, embe dodo. Neno la kwanza linataja kundi, la pili linasema yupi katika kundi hilo. Kwa wanasayansi neno la kwanza huitwa jenasi, na yote mawili pamoja ndiyo jina la spishi. Sisi binadamu ni Homo sapiens.

Kwa wale wenye mitihani: jenasi huanza kwa herufi kubwa, neno la pili kwa herufi ndogo, na yote mawili huandikwa kwa mlazo au kupigiwa mstari. Maksi zinapotea hapo bure tu.

Angalizo moja. Embe dodo na embe bolibo si spishi mbili. Kwa wanasayansi yote ni Mangifera indica, aina mbili za mti mmoja zilizochaguliwa na wakulima. Kwa hiyo mpangilio wetu na wao unafanana kwa umbo, ila mipaka yake hailingani kila mahali.

Juu ya jenasi kuna ngazi nyingine: jenasi zinazofanana huwekwa katika familia, familia katika oda, oda katika ngeli, ngeli katika faila, na faila katika himaya. Ni kama anwani ya barua: jina la mtu, mtaa, wilaya, mkoa, nchi. Faida yake ni kwamba ukijua ngazi moja unajua mengi bila kuambiwa. Mfano ni maha, swala mweupe wa jangwani ambaye Waomani wanajivunia sana. Aliangamizwa porini mwaka 1972, na mwaka 1982 akarudishwa katika jangwa la Jiddat al-Harasis, kutokana na wale waliokuwa wamehifadhiwa kwenye mazizi. Jina lake ni Oryx leucoryx. Sasa yule choroa wa Samburu kule Kenya ni Oryx beisa. Umeona? Hata kama hujawahi kufika jangwani, neno Oryx peke yake limeshakwambia kuwa maha na choroa ni ndugu. Maneno "maha" na "choroa" yasingekwambia hilo hata uyasome mchana kutwa.

JINA SI MAELEZO

Kuna kanuni mbili ambazo lazima tuzijue. Ya kwanza: jina la kwanza kuchapishwa ipasavyo ndilo linaloshinda, hata kama baadaye mtu ataleta zuri zaidi. Ya pili: jina hufungwa kwenye kielelezo, yaani mnyama au mmea mmoja maalumu, kwa kawaida aliyehifadhiwa kwenye makumbusho, ili mwenye shaka aende akalinganishe. Kwa upande wa wanyama kuna tume ya kimataifa inayosimamia kanuni hizi, iliyoundwa mwaka 1895. Mimea ina kanuni zake.

Kanuni ya kwanza ina vichekesho vyake. Mkwaju, mti wetu kabisa wenye asili ya Afrika, unaitwa Tamarindus indica. Tamarindus limetokana na Kiarabu, tamr hindi, yaani tende ya Kihindi. Na indica maana yake ni ya India. Yaani mti wa Afrika umeandikwa Uhindi mara mbili katika jina moja! Lakini Linnaeus alishalichapisha mwaka 1753, basi limebaki. Msilitafutie maelezo humo. Ni kama mtu anayeitwa Shida ambaye hana shida yoyote.

MANENO YA WAVUVI WA KIARABU

Mtu akisikia Kilatini anadhani majina yote yametungwa na Wazungu vyumbani mwao. Siyo. Mwaka 1761 mfalme wa Denmark alituma msafara kwenda Arabuni. Ndani yake alikuwemo Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus. Huyu bwana alikusanya samaki wa Bahari ya Shamu, na aliwauliza wavuvi: huyu mnamwitaje? Akaandika walivyomjibu. Alifariki Yemen kwa malaria mwaka 1763, umri wake miaka 31 tu. Wenzake nao wakafa mmoja baada ya mwingine, akabaki Carsten Niebuhr peke yake. Niebuhr alipita hapa Muscat mwanzoni mwa 1765 akiwa safarini kurudi kwao, na mwaka 1775 akaichapisha kazi ya marehemu.

Ndiyo maana leo changu mmoja wa pwani yetu anaitwa Lethrinus harak, changu mwingine ni Lethrinus mahsena, na pono mmoja ni Scarus ghobban. Harak, mahsena, ghobban: hayo ni maneno ya wavuvi Waarabu wa karne ya 18. Profesa wa Japani akiandika kuhusu samaki hao leo, analitumia neno la mvuvi ambaye hakuwahi kuingia darasani.

MBUZI WA MILIMA YA MUSCAT

Sasa tufike kwenye kiini cha makala. Ile milima ya mawe iliyo nyuma ya Muscat, mikavu kama imeungua, inaishi mnyama wa jamii ya mbuzi ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Oman na Falme za Kiarabu. Waarabu humwita wa'l. Tatizo ni kwamba wa'l ni jina pia la mbuzi mwingine wa milimani mwenye pembe ndefu sana. Ili kuwatofautisha husema wa'l wa Kiarabu na wa'l wa Nubia.

Mwaka 1894 mtaalamu wa makumbusho ya London, Oldfield Thomas, alimpa huyu wa Oman jina la Hemitragus jayakari. Jayakari ni nani? Ni Atmaram Jayakar, daktari wa Kihindi katika jeshi la Waingereza, aliyefanya kazi Muscat kwa takriban miaka 20 mwishoni mwa karne ya 19. Akitoka kazini alikuwa akikusanya samaki, nyoka na mijusi na kuwapeleka London. Isitoshe, aliandika kuhusu Kiarabu cha Oman na methali zake. Ile -i mwishoni mwa jina lake ni kama "wa" yetu: wa Jayakar. Yupo pia farasi wa baharini Hippocampus jayakari, na chatu mdogo wa mchangani Eryx jayakari. Mgeni aliyekuja kutibu wagonjwa, jina lake limebaki kwenye viumbe wa nchi aliyofanyia kazi.

Thomas alimweka mnyama huyu jenasi moja na mbuzi wawili wa porini, mmoja wa Himalaya na mwingine wa kusini mwa India, kwa kuwa wote watatu wanafanana. Ikakaa hivyo zaidi ya miaka 100. Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Ufaransa, Anne Ropiquet na Alexandre Hassanin, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vyao. Wakakuta kufanana kule kulikuwa kwa nje tu. Yule wa Himalaya yuko karibu na mbuzi, wa kusini mwa India yuko karibu na kondoo, na huyu wa Oman ndugu yake wa karibu ni yule kondoo-mwitu wa milima ya Afrika Kaskazini. Basi akapewa jenasi yake mwenyewe, Arabitragus, yaani mbuzi wa Arabuni. Sasa ni Arabitragus jayakari.

Angalieni vizuri kilichobadilika na kilichobaki. Jenasi imehama kwa sababu jenasi ni dai kuhusu undugu, na ujuzi wa undugu ukiongezeka, dai hurekebishwa. Lakini jayakari limebaki pale pale. Wanafunzi wengi hulalamika kwamba wanasayansi wanabadilisha majina ovyo. Kumbe wanahamisha mtoto kutoka nyumba isiyo yake kwenda nyumba yake, na jina lake anakwenda nalo.

Na mabadiliko hayo yana uzito. Kabla ya 2005 ungeweza kusema: akipotea huyu wa Oman, jenasi bado ina wengine wawili. Leo huwezi. Ndiye peke yake katika jenasi yake, na waliobaki porini ni elfu chache tu. Hifadhi ya Wadi Sareen, katika milima ya kusini ya Muscat, ilianzishwa miaka ya 1970 kwa ajili yake. Akitoweka yeye, jenasi nzima imetoweka duniani.

KIPUNJI WA RUNGWE

Hadithi kama hiyo tunayo nyumbani, tena ya miaka ile ile. Wanyakyusa wanaoishi kuzunguka Mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania, walikuwa na jina kipunji, kima mwenye haya anayekaa juu ya miti mirefu. Watafiti waliposikia habari zake kwa wawindaji hawakuwa na hakika kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi. Mwaka 2003 wakamwona. Mwaka 2004 kundi jingine la watafiti, bila kujua habari za wenzao, likamkuta kima huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 makundi yote mawili yakatangaza kwa pamoja: Lophocebus kipunji. Walimweka kwenye jenasi ya mangabe kwa sababu ya sura yake, na kielelezo chao kilikuwa picha, maana hawakutaka kumuua mnyama adimu namna ile.

Mwaka huo huo akapatikana kipunji amekufa kwenye mtego wa mkulima. Vinasaba vikachunguzwa, na kumbe undugu wake wa karibu ni kwa nyani, si kwa mangabe aliofanana nao. Mwaka 2006 akahamishiwa jenasi mpya, Rungwecebus, yaani kima wa Rungwe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka 83 kupata jenasi mpya ya kima katika Afrika. Na neno la pili? Limebaki kama Wanyakyusa walivyolitamka: Rungwecebus kipunji. Jina zima la kisayansi, mlima wetu na neno letu.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji wote kuwa takriban 1,100. Kabla ya 2005 hakuna sheria wala bajeti ambayo ingeweza kumtaja, maana kwa karatasi hakuwepo. Wazee wa Rungwe walimjua siku zote, ila ujuzi wao haukuwa umeandikwa mahali ambapo waziri au mfadhili angeusoma.

FURU WALIOKWENDA BILA JINA

Msije mkadhani nasema majina yetu yanatosha. Hayatoshi, na ushahidi uko Ziwa Victoria. Kule wavuvi wana neno furu, kwa samaki wadogo wenye mifupa mingi. Neno moja. Wataalamu wanakadiria kwamba furu walikuwa zaidi ya spishi 500, na nyingi hazipatikani ziwa jingine lolote. Kila moja ilikuwa na kazi yake: wapo waliokula konokono, wapo waliokula mwani, wapo waliokula samaki wenzao.

Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa, na furu wakaporomoka, huku uvuvi mkubwa na uchafu wa maji ukizidisha mambo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka. Nyingi kati ya hizo hazikuwa na jina la kisayansi. Kwa Kiswahili zote zilikuwa furu tu. Spishi moja ilipopotea, sokoni furu bado walikuwepo, na hakuna aliyeweza kusema ni nani aliyeondoka. Utamtangazaje marehemu ambaye hukumjua jina?

Dunia nzima iko hivyo. Spishi zilizokwisha kupewa majina ni kama milioni 2, na makadirio moja ya mwaka 2011 yalisema huenda zipo milioni 8.7.

SISI TUFANYE NINI

Ukiandika tasnifu au ripoti, hata kama ni ya biashara ya samaki au tiba za asili, andika majina yote: la kisayansi, la kienyeji, lugha yake na mahali ulipolisikia. "Dagaa" peke yake haimsaidii msomaji. "Dagaa, Mwanza, Rastrineobola argentea" inamsaidia hata atakayesoma baada ya miaka 50. Na ukiwa na jina la kisayansi bila la kienyeji, hutaweza kurudi kumuuliza mvuvi.

La pili ni kuwauliza wazee wangali hai. Hapa Muscat wapo wazee waliozaliwa Unguja na Pemba ambao wanamjua samaki kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha Oman kwa pamoja. Ukimuuliza mzee kama huyo sokoni Mutrah, atakupa jina, msimu, namna ya kumpika, na nani anafanana naye lakini si yeye. Hilo la mwisho ndilo somo zima la uainishaji, na anakupa bila ada.

Kwa hiyo likizo hii, kila mtu aje na majina kumi ya viumbe kwa lugha ya kwao, pamoja na maelezo mafupi: anaonekanaje, anaishi wapi, nani alikwambia. Mimi nitayatafutia majina ya kisayansi na mhariri ameahidi nafasi ya kuyachapisha. Wa Kisumu, Bukoba, Lamu, Bujumbura, Uvira, nyote mnakaribishwa. Yale nitakayoshindwa kuyapatia jina la kisayansi nitayaweka mwanzo wa orodha.